Kopo la Mamkubwa: nyumba ya wazee tuliyoipima vibaya

Katika daftari la zamu ya jioni, Oktoba 17, 2023, msaidizi ameandika kuwa mkazi ana fadhaa, anazungukazunguka ukumbini, anasema maneno yasiyo na maana na anamwita mtu anayeitwa Hadja, "labda dada yake". Mamkubwa hana dada wa jina hilo. Alikuwa anaomba kwenda haja.

Kisa hiki ni cha familia yetu. Nakieleza chote, na makosa yangu ndani yake, kwa sababu mimi si mgeni wa kazi hii. Nimefanya kazi ya wazee hapa Minnesota, Marekani, miaka 11, kwanza msaidizi wa uuguzi, sasa nesi. Watu wamenipigia simu mara nyingi kuuliza wakaguaje nyumba kabla ya kumpeleka mzazi, nami nikawajibu kwa kujiamini kabisa. Ilipofika zamu ya mama yangu mkubwa, yote niliyokuwa nikiwaambia wengine niliyaacha mlangoni. Jina la nyumba sitalitaja.

Mamkubwa ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Alikuja 2012 kumfuata mwanawe, ambaye kwangu ni kaka, na baadaye akachukua uraia. Alzheimer yake, aina ya demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uelewa, ilithibitishwa 2020. Kiingereza alichojifunza ukubwani kilimtosha dukani na kwa daktari, na ndicho kilichotangulia kuondoka. Kwa wagonjwa wa lugha mbili jambo hili linajulikana: lugha iliyokuja nyuma mara nyingi hufifia kwanza, ile ya utotoni hubaki. Kufikia mwisho wa 2022 alikuwa anaongea Kiswahili kitupu. Usiku mmoja wa Januari polisi walimkuta kituo cha mafuta na ndala miguuni, kanga mbili, theluji imefika kwenye vifundo. Kaka na wifi wote wanafanya kazi, wifi usiku. Hapo ndipo mjadala wa "sisi hatupeleki wazee wetu kwenye nyumba" ulipokwisha. Waliokuwa wakiuendeleza kwa simu kutoka nyumbani hawakuwahi kuona baridi ya Januari.

Kwa asiyejua mpangilio wa huku: kuna nyumba za uuguzi, ambazo serikali kuu inazikagua na kuzipa nyota moja hadi tano, na mtu yeyote anaweza kuzitazama nyota hizo mtandaoni. Halafu kuna makazi ya usaidizi, ambako mzee ana chumba chake na anasaidiwa kuoga, kuvaa, kula na kumeza dawa. Haya hayana nyota za serikali kuu. Kila jimbo lina sheria zake. Minnesota ilichelewa sana. Leseni maalumu ya makazi ya usaidizi ilianza Agosti 1, 2021, na ina ngazi mbili, ya kawaida na ya nyumba zinazotunza wagonjwa wa demensia. Kitengo cha demensia kinachofungwa kwa namba za siri lazima kiwe na mfanyakazi aliye macho humo ndani saa 24. Tulichokuwa tunatafuta ni nyumba ya ngazi hii ya pili.

Tulitembelea tatu, zote Jumamosi asubuhi. Hilo ndilo kosa la kwanza, na nililijua hata wakati nalifanya. Jumamosi saa nne asubuhi ni saa ya maonyesho: wakazi wamekwishaoga, kahawa inanukia, meneja amevaa beji. Nyumba ya kwanza ilinuka mkojo uliokolea kwenye zulia, tukatoka. Ya pili ilikuwa mbali. Ya tatu ilikuwa safi, ina bustani yenye njia ya kuzunguka ambayo mzee anaweza kutembea bila kufika ukutani akakwama, na bodi ukutani imeandikwa shughuli za wiki nzima.

Tena ndani yake kulikuwa na dada wa Kikenya, Mkisii. Alipomsikia Mamkubwa akinung'unika, aliacha alichokuwa akifanya, akaja akapiga magoti mbele yake. "Mama, umeshinda aje? Kuja tukule kitu kidogo." Mamkubwa, ambaye asubuhi ile hakuweza kutaja jina la mwanawe, alimtazama juu mpaka chini akasema, "Tule. Si tukule. Nani kakufundisha Kiswahili hicho?" Dada wa watu akacheka mpaka machozi. Kaka naye alitoka machozi, lakini si ya kicheko. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumsikia mama yake akiwa yeye mwenyewe.

Tulisaini wiki ileile. Dola 7,100 kwa mwezi, mbali na nyongeza kulingana na kiwango cha msaada. Watoto wake walichanga, tukisubiri Medicaid ya jimbo, bima ya umma ya wenye kipato kidogo. Ule mpango wake wa wazee unalipia huduma lakini si kodi ya chumba wala chakula. Medicare, bima ya serikali kuu ya wazee, ambayo watu wengi wa kwetu hudhani italipa, haigusi makazi ya namna hii. Sitaingia zaidi kwenye fedha. Ninachotaka kueleza ni tulivyoipima nyumba nzima kwa mtu mmoja.

Miezi sita ya kwanza ilikuwa mizuri kweli, na sitaki mtu adhani naipinda hadithi. Mamkubwa alikuwa na kilo 62 alipoingia Februari, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa na 62 na pointi nne (wao wanapima kwa ratili, nimegeuza). Analala. Anatembea bustanini na dada wa Kisii wakibishana Kiswahili. Katikati ya Agosti yule dada aliacha kazi. Alipata nyumba nyingine inayolipa dola mbili zaidi kwa saa, karibu na shule ya watoto wake. Ningekuwa yeye ningeondoka pia. Kazi hii ina mishahara midogo na migongo inayouma, na watu huhama kila siku.

Sisi tuliambiwa baada ya wiki tatu, kwa bahati, na mtu wa jikoni.

Tulikuwa tunakwenda, msidhani tulimtupa. Kaka kila Jumamosi, mimi kila Jumapili ya pili kwa sababu nakaa mwendo wa saa moja na nusu. Tunafika mchana na hotpoti: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Tunaketi naye chumbani, tunanawa, anakula vizuri. Tunaondoka tumefurahi. Chakula chetu wenyewe ndicho kilichotuficha ukweli. Mtu anayeshiba Jumamosi mchana unaweza kumwona mzima kabisa, hata kama siku tano kati ya saba sahani yake inarudi jikoni ilivyokuja.

Septemba alikuwa na kilo 59. Kwenye nyumba za uuguzi tumezoea kipimo kimoja: mtu akipoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi bila kukusudia, au asilimia 10 kwa miezi sita, hiyo ni dalili nzito, lazima itafutwe sababu. Kutoka 62.4 hadi 59 ni zaidi ya asilimia 5. Septemba peke yake ilitosha. Uzito uliandikwa, kwa kalamu nzuri, kwenye kisanduku chake. Hakuna aliyempigia mtu simu. Oktoba 57. Novemba 55.

Mapema Oktoba simu ilimfikia kaka kazini. Mama ana fadhaa jioni, amemsukuma msaidizi, daktari anapendekeza dawa ya kumtuliza, dozi ndogo tu, unakubali? Kaka alikuwa juu ya mashine ya kunyanyulia mizigo. Alikubali. Dawa ilikuwa quetiapine, ya kundi la dawa za magonjwa ya akili. Mwaka 2005 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwekea dawa za kundi hilo onyo zito kuliko yote inayoweka: kwa wazee wenye demensia zinaongeza hatari ya kufa. Wakati mwingine bado zinahitajika, nami nimewahi kuzitoa kwa wagonjwa ambao bila hizo wangejiumiza. Ila kabla ya kufika huko huuliza kwanza: ana maumivu? Amefunga choo? Ana maambukizi ya mkojo? Anataka nini ambacho hatujamwelewa? Maswali haya hayamo popote kwenye kumbukumbu zake za Oktoba.

Oktoba 24 usiku alianguka akielekea chooni, akapasuka juu ya nyusi. Hospitali wakamshona, wakapima mkojo. Hakuna maambukizi. Kisha nesi wa dharura akafanya jambo dogo ambalo lilifungua kila kitu. Akasogeza kishikwambi kwenye kigurudumu, akabonyeza, na ndani ya dakika kumi akaonekana mkalimani wa Kiswahili kwenye kioo. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kufanya hivyo chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mkalimani akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akamuuliza anaumwa wapi.

"Siumwi mahali. Nataka maji ya kutawaza. Kwa siku ngapi sasa wananinyima maji?"

Nilikuwa nimesimama pale. Nikajua papo hapo.

Yule dada wa Kisii, Mkristo wa Sabato, alikuwa amegundua kwamba Mamkubwa hakai chooni bila kopo la maji. Akanunua jagi la plastiki la kijani, akaliweka chini ya sinki. Ukimwonyesha kopo anaketi, anamaliza, anatawaza, anaondoka ameridhika. Bila kopo anakaa, anaangaza huku na huku, anainuka bila kufanya kitu, anatoka kulitafuta. Ndiyo ile "fadhaa" na "kuzungukazunguka". Nilipokwenda kutazama kesho yake, chini ya sinki kulikuwa na pakiti za pampasi tu. Walipofanya usafi mkubwa Agosti, kopo lilitupwa. Lilikuwa limeishi miezi sita katika nyumba ile bila kuandikwa mahali popote. Likijulikana na mtu mmoja tu.

Kaka alitaka kamera. Sheria ya Minnesota inaruhusu tangu Januari 1, 2020: mkazi au mwakilishi wake anaweza kuweka kamera chumbani kwa kujaza fomu, na katika hali fulani, kama familia inaogopa kulipiziwa, inaweza kukaa hadi siku 14 kabla ya nyumba kuarifiwa. Ni sheria nzuri na sikumkatalia. Nilimwambia tu kwamba kamera ya chumbani haioni ukumbi wa kulia, na uzito unapotea ukumbini. Nikachukua likizo ya siku nne, nikaenda kuketi pale kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu usiku.

Jioni ya kwanza wakazi walikuwa 14 na wasaidizi wawili. Mmoja kati ya hao wawili anagawa dawa kuanzia saa kumi na moja hadi karibu saa moja, na akiwa na kigari cha dawa hatakiwi kukatizwa. Kwa hiyo katika saa ngumu kuliko zote za demensia, jua linapozama na kila mtu anataka kwenda kwao, kulikuwa na binti mmoja kwa watu 14. Meneja alipotuambia Februari kwamba ana "wafanyakazi wawili kwa kitengo" hakudanganya. Mimi ndiye sikuuliza wa pili anafanya nini.

Chakula kikaja. Kuku, viazi vya kuponda, maharage mabichi. Meza ya pili kuna mtu aliyeomba beikoni na harufu yake imejaa. Uma upande huu, kisu upande ule. Mamkubwa akaitazama sahani. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele ya meza, viganja juu, ameikutanisha kidogo, akatulia.

Akakaa hivyo. Binti akapita, akamtabasamia, akamgusa bega. Mamkubwa hakushusha mikono. Nilihesabu dakika saba. Mkazi wa jirani akamwekea kitambaa cha karatasi kwenye viganja, akidhani anaomba. Mwisho mikono ikashuka yenyewe mapajani. Dakika ya ishirini sahani ikaondolewa, na kwenye fomu ikaandikwa: amekataa.

Alikuwa anasubiri kunawishwa.

Mtu aliyelelewa kwa birika na bakuli, maisha yake yote, hawezi kugusa chakula kabla mtu hajapita na maji. Amesahau mwaka, amesahau mumewe kafa, lakini hilo mwili wake haujasahau. Nikaenda jikoni nikaomba jagi na bakuli la saladi (si kopo la chooni, jamani, hivyo viwili havikutani hata kwa bahati mbaya, na angenifukuza). Nikamnawisha, nikaweka uma pembeni. Akala kuku wote kwa mkono. Binti yule akasimama akitazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba angejua angefanya hivyo kila siku. Namwamini kabisa. Alikuwa na wiki tano kazini.

Kwa hiyo ubovu ulikuwa wapi? Familia yetu ilitaka kumpata mtu mbaya, na hatukumpata. Tulichopata kilikuwa kwenye karatasi. Sheria ya jimbo inataka nesi amtathmini mkazi upya ndani ya siku 14 tangu huduma zianze, halafu isipite siku 90 kabla ya tathmini nyingine, na mapema zaidi hali yake ikibadilika. Niliomba nakala kupitia kaka, mwenye idhini yake ya matibabu. Tathmini zilikuwepo, kwa tarehe sahihi. Ya Februari, ya Mei na ya Agosti zilifanana neno kwa neno, hata neno moja lililokosewa herufi limekosewa mahali palepale mara tatu. Zote zinasema mkazi "anaelewa Kiingereza rahisi" na "anakula mwenyewe kwa vyombo vya kawaida". Yote ambayo dada wa Kisii alijifunza juu ya Mamkubwa, tangu kopo na kunawa hadi kwamba msaidizi wa kiume asimwogeshe, yalibaki kichwani mwake na yakatoka naye mlangoni siku aliyorudisha beji.

Na hili lilionekana kabla hatujasaini, kama tungetazama. Idara ya Afya ya Minnesota hukagua makazi haya na kuweka ripoti mtandaoni, pamoja na matokeo ya uchunguzi wa malalamiko ya kudhulumiwa wakazi. Ripoti ya 2022 ya nyumba hii ilikuwepo. Ilisema mipango ya huduma haikufanyiwa mabadiliko baada ya hali ya wakazi kubadilika, na kwamba rekodi za mafunzo ya demensia za baadhi ya wafanyakazi hazikukamilika. Niliisoma Novemba, dakika ishirini na tano, nikiwa nimekaa kwenye gari. Kasoro ileile, kwa lugha ya kiofisi.

Sisemi kila nyumba yenye kasoro kwenye ripoti iepukwe, maana hutapata pa kwenda. Sakafu iliyolowa au friji yenye joto la juu hurekebishwa wiki hiyohiyo. Mimi sasa nasoma nikitafuta kasoro inayohusu namna nyumba inavyomkumbuka mtu: tathmini, mipango, makabidhiano ya zamu. Halafu naenda bila miadi saa kumi na moja na nusu jioni, nakaa karibu na ukumbi wa kulia, natazama ni nani sahani yake inaondolewa imejaa na mtu anafanya nini baada ya hapo. Msaidizi yeyote namuuliza, mbali na meneja, huyu mzee hapa anapenda nini, na umejuaje. Akijibu "nimemzoea" nafurahi kwa ajili yake na naingiwa na wasiwasi. Akijibu "imeandikwa, ngoja nikuonyeshe" napumua.

Tulimwita mtetezi wa wakazi kutoka ofisi ya jimbo, huduma isiyo na malipo ambayo watu wetu wengi hawaijui au wanaiogopa wakidhani ni uhamiaji. Alikuja kwenye kikao cha Novemba akakaa kimya muda mwingi, na ukimya wake ulifanya kazi. Msimamizi wa wauguzi alianza kwa kujitetea, halafu nikaweka zile tathmini tatu mezani sambamba, nikamwonyesha lile neno lililokosewa. Akakaa nalo kidogo. Akasema, "Hii ni kazi yangu." Nilimheshimu kwa hilo.

Kaka alitaka tumhamishe. Nilipinga, na mpaka leo kuna jamaa wanaodhani nilikosea. Kumhamisha mgonjwa wa demensia si jambo dogo. Njia ya chooni anayoijua kwa miguu inafutika, na anaanza kuanguka upya. Nyumba tuliyoijua ubovu wake, na iliyoukiri mbele ya shahidi, niliiona afadhali kuliko nyumba nzuri ya Jumamosi asubuhi. Tulikubaliana miezi mitatu, na uzito uwe ndio hakimu.

Mpango mpya una kurasa nne. Mkalimani wa simu kwenye kila tathmini. Mkono badala ya uma, maji kabla ya chakula, nyama ya halali kutoka duka ambalo kaka hupeleka oda, kuketi mbali na beikoni. Wanawake tu kumwogesha. Choo kila baada ya saa mbili mchana, na kopo, rangi yoyote, lisiondolewe. Quetiapine ilipunguzwa taratibu na daktari ikaisha kabla ya Krismasi. Fadhaa ya jioni haikwisha, ugonjwa ni ugonjwa, lakini hakusukuma mtu tena. Machi 2024 alikuwa na kilo 58.

Ndani ya mlango wa kabati, ili wageni wasisome, wifi alibandika karatasi ya maneno tisa ya Kiswahili na namna ya kuyatamka. Wa zamu ya usiku sasa ni mama mmoja wa Kiliberia, mtu mzima, hana haraka. Mara ya mwisho nilipochelewa kuondoka nilimsikia akiinama kitandani na kuuliza, kwa lafudhi yake nzito, "Haja, Mama?"

"Haja, mwanangu," Mamkubwa akajibu, akashusha miguu. "Kopo liko wapi?"